Kumsinga Mtoto Mchanga si Kumkanda Mzazi

Katika nyumba nyingi za mwambao, na katika nyumba za bara ambako desturi za mwambao zimehamia pamoja na watu wake, mwanamke aliyejifungua huwekwa chini ya uangalizi wa mtu mzima mmoja hadi atoke arubaini. Mtu huyo anaweza kuwa mama yake mzazi, mama mkwe, shangazi au mkunga wa mtaa, na mikono yake hufanya kazi mbili. Asubuhi humkanda mzazi kwa maji ya moto na kitambaa, akibonyeza tumbo, nyonga na mgongo kwa uzito wote wa mabega yake, mpaka jasho limtoke yeye na anayekandwa. (Kama kukandwa huko kunamfaa mzazi, hasa aliyejifungua kwa upasuaji, ni mjadala mwingine unaohitaji makala yake.) Kisha hujifuta mikono, huketi mkekani amenyoosha miguu, humlaza mtoto juu ya miundi yake na kufungua chupa ya mafuta ya nazi.

Nimeitazama kazi hiyo ya pili mara nyingi, na karibu kila mara nimeona kwamba dakika mbili tatu za mwanzo mikono huwa bado inakumbuka kazi iliyotoka kuifanya. Goti la mtoto linanyooshwa mpaka mwisho, mkono wa kulia unavutwa ukutane na mguu wa kushoto, kichwa kinabanwa kwa viganja viwili ili kiwe cha mviringo, na mtoto analia kilio cha juu ambacho wenye nyumba hukipokea kwa kicheko, wakisema anakomazwa. Baadaye, bibi akishachoka au akishapata mazungumzo na mgeni aliyeingia, mikono hulegea na kuanza kupita tu mwilini, na hapo ndipo mtoto hunyamaza, hufumbua vidole na kusinzia. Sehemu ile ambayo bibi mwenyewe huihesabu kuwa ni ya kumalizia, ambayo pengine haioni hata kuwa ni kazi, ndiyo yenye faida inayojulikana. Ile ya mwanzo haina.

Lugha yetu ilikwisha kuzitenga kazi hizi zamani. Kukanda ni kazi ya unga: ni kusukuma, kukunja na kubonyeza kitu mpaka kibadilike umbo. Kuchua ni kusugua kwa nguvu msuli uliokaza au mahali palipoteguka. Kusinga ni kumpaka mtu mafuta au liwa mwilini kwa mkono unaoteleza, kama anavyofanyiwa bi harusi, na lengo lake ni kumwacha mtu laini na ametulia, bila nia ya kumbadili umbo. Kupapasa ni kupitisha mkono bila uzito wowote. Neno masaji, lililoenea siku hizi katika kliniki na katika simu zetu, limeyameza yote manne, na mama anayeambiwa na muuguzi kwamba masaji inamfaa mtoto hurudi nyumbani bila kujua ameruhusiwa lipi kati ya hayo. Jibu ni kwamba ameruhusiwa kusinga.

Mkono wa polepole

Sababu za kutulia kwa mtoto zimo katika ngozi yake. Katika ngozi yenye vinyweleo, yaani karibu mwili mzima isipokuwa viganja na nyayo, kuna nyuzi nyembamba za neva ambazo kazi yake si kupokea maumivu wala kutambua umbo la kitu. Watafiti wa Gothenburg nchini Uswidi, akiwamo Åke Vallbo na Håkan Olausson, walizichunguza kwa miaka mingi kwa watu wazima na kuona kwamba huitikia zaidi mguso mwepesi unaopita kwa mwendo wa takriban sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, hasa ukiwa na joto la kawaida la ngozi ya binadamu. Mkono ukienda mbio, nyuzi hizo hupunguza mwitikio, na ukisimama mahali pamoja hupunguza vilevile. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2014, uliwapima watoto wa miezi 9 na kuonyesha kwamba mapigo ya moyo wao yalipungua kasi walipopapaswa kwa mwendo wa katikati, lakini si walipopapaswa kwa haraka au kwa kukokota mno.

Tuugeuze mwendo huo kuwa kitu kinachoweza kufanywa mkekani. Mguu wa mtoto mchanga, kutoka nyongani hadi kifundoni, hauzidi sana sentimita 20. Mkono ukipita hapo kwa sentimita 4 kwa sekunde, utachukua sekunde 5 kufika mwisho. Mtu akihesabu moyoni moja, mbili, tatu, nne, tano, kwa utaratibu wa mtu anayehesabu fedha mbele ya mwenye deni, atakuwa karibu na mwendo unaotakiwa. Wengi wanaojaribu mara ya kwanza hushangaa jinsi ulivyo mpole, kwa sababu mkono uliozoea kufua na kusugua masufuria hupita mguu mzima kwa sekunde moja.

Uzito wa mkono nao una kipimo chake. Mguso mwepesi kupita kiasi humtekenya mtoto na kumchangamsha badala ya kumtuliza; hilo limeonekana katika tafiti zilizolinganisha mguso mwepesi na mguso wenye uzito wa wastani, ambapo wa wastani ndio uliopunguza fadhaa. Wastani hapa maana yake ni ngozi kusogea kidogo pamoja na mkono bila kubonyea. Njia rahisi ya kujipima ni kufumba jicho na kugusa kope kwa ncha ya kidole: uzito ambao jicho linaustahimili bila karaha ndio unaomfaa mtoto. Au chukua embe bivu la dodo, lile ambalo kesho halitafaa tena, na ulizungushe mikononi. Alama ya kidole ikibaki kwenye embe, mkono huo ungali mkono wa kukanda.

Kinachojulikana na kinachotiwa chumvi

Sifa za masaji ya watoto zimepaa mno katika mitandao, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani asiyesingwa hatatembea. Kinachojulikana ni kidogo kuliko hicho, ingawa kinatosha.

Utafiti uliofungua mlango ni wa mwaka 1986, ulioongozwa na Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami nchini Marekani. Yeye na wenzake walichukua watoto njiti waliokuwa wamekwisha kuimarika hospitalini, wakawasinga na kuwakunjua viungo taratibu kwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku 10. Watoto hao waliongezeka uzito kwa siku kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao ambao hawakusingwa, ingawa hawakuwa wamenyonya zaidi. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima na mara nyingi hunukuliwa kana kwamba inahusu kila mtoto. Ilihusu watoto njiti, wachache, chini ya uangalizi wa hospitali. Mtoto aliyetimiza miezi yake, mwenye kilo tatu na anayenyonya vizuri, hana pengo hilo la kuziba.

Kwa watoto waliozaliwa wakiwa wametimia na wazima, uchambuzi mkubwa wa mwaka 2013 ulikusanya tafiti 34 za watoto wa chini ya miezi sita. Waandishi wake walikuta tafiti nyingi kati ya hizo zina kasoro za kitaalamu, na wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuifanya masaji kuwa huduma ya lazima kwa kila mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, limetumia lugha ya tahadhari: masaji laini ya mwili mzima inaweza kufikiriwa kwa mtoto mzima aliyetimiza miezi, kwa sababu ya faida zinazowezekana katika ukuaji wake. Neno ni "inaweza kufikiriwa", na halina amri ndani yake.

Faida ambayo mimi naipa uzito zaidi ni ya upande wa pili wa mikono. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti mdogo wa London uliowahusu kina mama waliokuwa na sonona baada ya kujifungua, na waliohudhuria darasa la kuwasinga watoto wao walionekana kuwasiliana nao vizuri zaidi, na hali yao wenyewe ikapata nafuu. Utafiti mmoja mdogo hauthibitishi jambo, lakini unaendana na kitu ambacho kila mzazi anaweza kukiona: dakika kumi za kumtazama mtoto usoni, bila kumnyonyesha, bila kumbadilisha nepi na bila simu mkononi, ni nadra katika wiki za mwanzo. Kwa sababu hiyo kazi hii inamfaa sana baba, ambaye hana titi la kumkutanisha na mtoto na ambaye katika nyumba zetu wakati wa arubaini husukumiwa ukumbini akae na wageni.

Kuhusu msokoto wa tumbo, ule ambao mitaani huitwa chango, ukweli ni wa kukatisha tamaa kidogo. Kilio cha jioni cha mtoto mchanga kwa kawaida huongezeka hadi wiki ya sita hivi, kisha hupungua chenyewe anapokaribia miezi mitatu au minne. Dawa yoyote itakayoanza kutumika wiki ya saba itasifiwa kuwa imeponya. Kusinga tumbo kunaweza kumsaidia mtoto kutoa gesi na kumtuliza kwa wakati huo, na kumpa mzazi la kufanya badala ya kuzunguka chumbani, lakini ushahidi kwamba kunaondoa msokoto ni dhaifu.

Ambayo mikono iyaache

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu madhara mengi ya nyumbani hayatokani na kusinga vibaya. Yanatokana na mambo yanayofanywa kwa jina la kusinga.

La kwanza ni kichwa. Mtoto aliyezaliwa kwa njia ya kawaida mara nyingi hutoka na kichwa kirefu, kwa sababu mifupa ya fuvu haijaungana na hupandana kidogo anapopita. Umbo hilo hurudi lenyewe ndani ya siku chache. Uvimbe laini wa ngozi ya kichwa nao huondoka siku za mwanzo. Uvimbe unaotokana na damu iliyokusanyika juu ya mfupa huchukua wiki kadhaa, na kuubonyeza au kuukanda kwa kitambaa cha moto ni kumtafutia mtoto maambukizi. Utosi hauna cha kusaidiwa na mkono. Ule wa nyuma hufunga kwa kawaida kabla ya miezi miwili au mitatu kutimia, wa mbele hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu hivi, na wakati wote huo huonekana ukidunda kwa mapigo ya damu. Utosi uliobonyea mtoto akiwa anaharisha au hanyonyi ni dalili ya upungufu wa maji mwilini, na uliovimba na kukaza akiwa ametulia ni dalili ya hatari kichwani. Hali zote mbili ni za kupelekwa hospitali, na mafuta ya kupaka utosini hayazifikii.

La pili ni matiti ya mtoto. Watoto wengi, wa kike na wa kiume, huvimba matiti siku za mwanzo, na wengine hutoa majimaji meupe, kwa sababu homoni za mama bado zimo mwilini mwao. Uvimbe huo huisha wenyewe. Desturi ya kuyakamua, kwa hofu kwamba mtoto wa kike atakosa maziwa ukubwani au wa kiume atabaki na matiti, imewaletea watoto majipu yaliyolazimu kupasuliwa. Mkono unaposinga kifua upite kando ya matiti, au juu yake bila uzito.

La tatu ni viungo kunyooshwa. Mtoto mchanga hukaa amejikunja kwa sababu ndivyo alivyokaa tumboni kwa miezi, na misuli yake itamwachia taratibu katika wiki na miezi inayofuata. Nyonga zake ndizo za kuchungwa zaidi: kuzinyoosha kwa nguvu na kuzibana pamoja ni kinyume cha zinavyotaka kukaa, yaani zikiwa zimekunjwa na kufunguka kama za chura, kama zinavyokaa mtoto akibebwa vizuri kwa kanga mgongoni. Kumning'iniza miguu juu kichwa chini, au kumrusha hewani mwishoni ili asiwe mwoga, hakumwongezei kitu.

La nne, na ambalo watu wengi hawalijui, ni matone ya mafuta puani na masikioni. Mafuta yakiingia puani yanaweza kuteremka hadi kwenye mapafu na kusababisha nimonia ya mafuta, ambayo haiponi haraka na mara nyingi hudhaniwa kuwa mafua ya kawaida. Pua ya mtoto pia haichongoki kwa kuvutwa. Atakuwa na pua ya ukoo wake.

Chupa iliyo kando ya mkeka

Mwongozo huohuo wa Shirika la Afya Duniani unasema kwamba mtoto mzima aliyetimiza miezi hahitaji kupakwa mafuta kila siku ili kuzuia matatizo ya ngozi. Mafuta katika kusinga kazi yake ni kuuwezesha mkono uteleze, basi, na kijiko kimoja cha chai kinatosha mwili mzima. Mtoto anayeng'aa kama chapati ametiwa ya watu watatu.

Aina ya mafuta ina maana zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote katika nyumba za Waislamu na Wakristo, yana kwa wingi asidi iitwayo oleiki, ambayo hulegeza tabaka la juu la ngozi linalozuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Mafuta ya alizeti ya kawaida, kama yanayokamuliwa Singida na Dodoma, yana kwa wingi asidi nyingine, linoleiki, ambayo ni sehemu ya mafuta ya asili ya ngozi. Huko Dhaka, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi kwa asilimia 41 pungufu ya wenzao. Hata hivyo utafiti wa Manchester, Uingereza, uliowapima watoto 115 waliotimiza miezi, ulikuta kwamba mafuta yote mawili, ya zeituni na ya alizeti, yalichelewesha kidogo kupangika kwa tabaka hilo la ngozi. Kilichomfaa mtoto njiti wa Dhaka, mwenye ngozi nyembamba kama karatasi, si lazima kimfae mtoto wa kilo tatu na nusu wa Temeke. Ndiyo maana nasema kijiko kimoja cha chai.

Mafuta ya nazi yamejaribiwa kwa watoto njiti huko India na Pakistan, na matokeo yake yalikuwa mazuri. Kwa mtoto wa nyumbani ni chaguo zuri, ilimradi yawe mapya. Mafuta yanayopikwa nyumbani kutokana na tui huwa na maji yaliyobaki ndani yakitolewa motoni mapema, na maji hayo huyafanya kuchacha. Ukinusa na kusikia harufu ya nazi iliyokaa siku nyingi, yabaki ya taa. Huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo mama wa Njombe au Lushoto atayakuta mwezi wa saba yamekuwa meupe kama samli. Chupa itiwe katika bakuli la maji ya uvuguvugu, wala isiwekwe jikoni, kisha mafuta yapashwe tena kati ya viganja kabla hayajamgusa mtoto.

Dawa za kuchua zenye kafuri au mentholi hazimhusu mtoto kabisa. Kafuri hupenya kwenye ngozi na huweza kumletea mtoto degedege, na mentholi karibu na pua inaweza kumbana pumzi. Mafuta ya habbat soda huwasha ngozi za wengine, marashi vilevile. Poda juu ya mafuta hufanya tope kwenye mikunjo ya shingo na kinena, na vumbi lake huingia mapafuni. Mafuta yoyote mapya yajaribiwe kwanza kwa tone moja kwenye kigasha, na mtoto aangaliwe hadi kesho yake.

Dakika kumi mkekani

Siku ya kwanza hakuna cha kusinga. Mtoto huachwa na utando mweupe aliozaliwa nao, ambao ni kinga, na hata kuogeshwa kunashauriwa kungoje angalau saa 24. Kitovu kikiwa bado hakijadondoka, na kwa kawaida hudondoka ndani ya wiki moja au mbili, tumbo liachwe kabisa na mafuta yasikaribie hapo. Wengi huona ni rahisi kuanza na miguu tu wiki ya pili au ya tatu, na kuongeza mwili kadiri mtoto anavyozoea.

Wakati mzuri ni mtoto akiwa macho na shwari, nusu saa au zaidi baada ya kunyonya na kucheua. Aliyeshiba sana atatapika, mwenye njaa hatasikiliza kitu. Chumba kiwe na joto, feni izimwe, pete na bangili zivuliwe, kucha zikatwe. Mtoto alazwe chini, juu ya mkeka uliotandikwa kanga mbili na taulo, kwa sababu mtoto aliyepakwa mafuta huteleza kama samaki, na waliodondoka kitandani wengi waliachwa "mara moja tu" ili mtu akafuate nepi. Mkao wa bibi, wa miguu iliyonyooshwa, ni mzuri sana kwa sababu hiyo: mtoto yuko sentimita chache kutoka ardhini na uso wake unautazama uso wa anayemsinga. Mkao huo ni wa kuurithi.

Anza na mguu. Shika kifundo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa umelizunguka paja kama kikombe ushuke taratibu hadi kifundoni. Mkono wa kwanza upokee, na kazi iendelee kwa kupokezana ili mguu usibaki bila mkono. Nyayo zipitwe kwa dole gumba kutoka kisiginoni kwenda vidoleni. Tumbo, kitovu kikishapona, huzungushwa kwa kiganja kufuata mwendo wa mshale wa saa kama anavyouona anayemtazama mtoto, kwa kuwa utumbo mpana hupanda upande wa kulia wa mtoto, hukata chini ya mbavu na kushuka upande wa kushoto. Mkono ubaki chini ya mbavu. Kisha magoti mawili yasogezwe pamoja kuelekea tumboni, yakae hapo kwa sekunde tano, yaachwe. Mara tatu inatosha, na usishangae ukijibiwa kwa sauti. Kifua husingwa kwa viganja viwili vinavyoanzia katikati na kutawanyika pembeni, kama mtu anayesawazisha mchele kwenye sinia. Mikono ya mtoto ifuate, bila kulazimisha ngumi ifunguke. Mwisho ageuzwe kifudifudi juu ya mapaja, mgongo upitwe kutoka mabegani hadi makalioni, kandokando ya uti wa mgongo na si juu yake.

Mtoto mwenyewe ndiye anayeamua kazi inaishia wapi. Anayefurahia hulegeza mabega, hutazama, hupeleka mkono mdomoni. Anayetosheka hugeuza uso pembeni, hupiga miayo, hushikwa na kwikwi, hutawanya vidole au hujipinda mgongo. Akifanya hivyo, mkono utulizwe mahali ulipo, na akiendelea afunikwe na kubebwa, hata kama ni mguu mmoja tu uliosingwa. Dakika tano zinaweza kutosha, na zaidi ya kumi na tano ni mara chache kuhitajika.

Siku za chanjo zina hesabu yake. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huchomwa kwenye mapaja, kwa hiyo mapaja yasiguswe kwa siku mbili hivi wala mahali pa sindano pasikandwe kwa maji ya moto. Chanjo ya kifua kikuu, inayochomwa kwenye bega la kulia Tanzania na kwenye kigasha cha kushoto Kenya, huacha kipele kinachotunga usaha wiki chache baadaye. Hicho hakipakwi mafuta wala hakikamuliwi, hukauka chenyewe na kuacha kovu. Mtoto mwenye harara iliyotapakaa, vidonda au ngozi inayotoa maji hasingwi mpaka apone. Aliye wa moto au wa baridi isivyo kawaida, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayekataa kunyonya, au aliyegeuka manjano hadi viganjani na nyayoni, huyo ni wa kufikishwa kituo cha afya saa hiyohiyo. Kumlaza juani amepakwa mafuta ni kupoteza muda wake. Mtoto njiti aliye katika malezi ya kangaruu, yaani anayebebwa kifuani ngozi kwa ngozi, husingwa kwa ruhusa ya muuguzi anayemfahamu.

Anapokaribia miezi saba au minane, akishaanza kutambaa, hakuna atakayemlaza chali kwa dakika kumi tena. Atageuka katikati ya mguu wa kwanza na kukimbilia chupa ya mafuta. Wakati huo msinge anavyojiweka mwenyewe: mgongo akiwa amesimama na kushika kiti, unyayo mmoja akiwa ananyonya, na kifuniko cha chupa kikazwe vizuri.